Ajali Imetokea na Wewe Uko Karibu: Mwongozo kwa Watu wa Tanga

Basi likipinduka kati ya Muheza na Segera, wa kwanza kufika si zimamoto wala gari la wagonjwa. Ni muuza machungwa wa kando ya barabara, kijana wa bodaboda aliyekuwa kijiweni, na abiria wa gari la nyuma. Dau likizama nje ya Kigombe, wanaofika ni wavuvi waliokuwa wanatega jirani. Ukuta ukiporomoka Ngamiani, anayesikia kishindo ni jirani wa nyumba ya pili. Hata magari ya uokoaji yakiongezwa mara tatu, dakika kumi za mwanzo zitabaki kuwa za walio karibu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu humaliza damu kabla ya dakika hizo kumi.

Watu wa mkoa huu hawana upungufu wa moyo. Ajali ikitokea wanakimbilia. Shida ni kwamba wanakimbilia wote kwa pamoja, kila mmoja anavuta anachokiona, na majeruhi ambaye angepona anavunjwa uti wa mgongo wakati wa kutolewa garini. Haya yanayofuata ni ya kuweka mpangilio kwenye msaada ambao tayari upo.

Kabla hujamgusa mtu

Simama. Hesabu mpaka kumi huku ukiangalia vitu vinne: moto, mafuta yanayomwagika, nyaya za umeme zilizoanguka, na magari yanayokuja. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde, na lori lenye mzigo halisimami mara moja. Matawi ya miti ambayo madereva wetu wamezoea kuyaweka barabarani ni alama nzuri, ila mara nyingi yanawekwa karibu mno. Yaweke mita 100 mpaka 150 kutoka kwenye ajali, pande zote mbili. Kama ajali iko baada ya kona, matawi yakae kabla ya kona, la sivyo dereva atayaona na majeruhi kwa wakati mmoja. Usiku, mtu mmoja asimame nje ya lami, si juu yake, apunge kitambaa cheupe huku mwingine akikimulika kwa tochi ya simu.

Gari likiwa ni la mafuta, habari inabadilika kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini, unajaa mtaroni na kwenye mabonde, na unaweza kufika mbali na tangi pasipo mtu kuuona. Cheche yoyote inauwasha: bodaboda inayopigwa kiki, sigara, betri inayochomolewa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka likiwa limezungukwa na watu, wengi wakiwa wanachota mafuta, na waliokufa walizidi 100. Kwa hiyo: rudisha watu nyuma, upande upepo unakotoka, si kule unakoelekea. Usiwashe wala kuzima chombo chochote kilicho karibu, simu piga ukiwa mbali. Dereva akiwa hai ndani na hakuna moto, mtoe haraka kisha ondokeni. Tangi likishaanza kuungua hakuna cha kufanya hapo kwa mikono ya raia. Kaeni mita 800 kutoka hapo, na mtu anayebeba ndoo umwambie wazi kwamba anakwenda kufa.

Waya wa umeme ukigusa gari, walio ndani wabaki ndani hadi TANESCO wakate umeme, maadamu gari haliwaki. Wewe kaa mita 10 mbali. Mti mbichi na kamba iliyolowa vinapitisha umeme, usidanganyike kwamba kijiti kitakulinda.

Sauti moja

Watu 50 wakizunguka ajali, kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga simu. Ndiyo maana mtu mmoja lazima achukue uongozi, na hahitaji cheo. Anaweza kuwa kondakta, mwalimu, mama wa genge. Asiseme «jamani pigeni simu», kwa kuwa hilo halimgusi mtu. Amwelekee mtu mmoja, amwonyeshe kwa kidole: «Wewe kaka mwenye shati la buluu, piga 112, kisha rudi uniambie walichosema.» «Dada, nipe khanga yako.» «Mzee, shikamoo, naomba usimame hapa ulinde mizigo ya hawa watu, asiguse mtu.» Mzee akipewa kazi hiyo anaiheshimu na anaheshimiwa, na wezi wa simu na pochi wanakosa nafasi.

Namba ni 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, zote bure. Anayepiga aseme mahali kwanza, kabla ya jambo lenyewe, maana simu inaweza kukatika. Si «njia ya Muheza», bali kijiji, upande gani wa daraja au shule, na namba ya nguzo ya kilomita iliyo kando ya barabara. Kisha aina ya ajali, idadi ya majeruhi kwa kukadiria, kama kuna walionasa, kama kuna moto au mafuta. Asikate simu mpaka aambiwe.

Wakati huo kiongozi aseme kwa sauti: «Anayeweza kutembea aje huku chini ya mwembe.» Hapo umeshatenganisha wenye nafuu bila kumpima yeyote. Anayepiga kelele ana pumzi, mwache kidogo. Nenda kwa walionyamaza.

Damu

Hapa ndipo mtu wa kawaida anaokoa maisha kwa uhakika kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Vaa glavu, au mfuko safi wa plastiki mkononi. Weka kitambaa kilichokunjwa juu ya jeraha, kandamiza kwa viganja vyote viwili, mikono imenyooka, uzito wa mwili wako ukiwa juu yake. Dakika 10 kamili, kwa kutazama saa. Kosa la kila siku ni kufunua kila baada ya muda mfupi kuangalia kama damu imekoma. Ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda na unaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu, usitoe cha chini. Kitu kilichochoma na kubaki mwilini, kama nondo au kipande cha kioo, usikichomoe: ndicho kinachoziba. Kandamiza pembeni yake.

Damu ikiruka au kububujika kutoka mkononi au mguuni na mkandamizo haufui dafu, funga na ukaze. Khanga inatosha. Kata pindo kwa wembe au meno, kisha vuta, itachanika yenyewe kwa urefu mpaka mwisho. Kunja ule ukanda ubaki na upana wa vidole vitatu, kama sentimita 5. Uzungushe mara mbili juu ya jeraha, upande wa mwilini, vidole vinne kutoka kwenye jeraha, usikae kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe. Funga fundo moja, laza juu yake kijiti kigumu cha sentimita 15 hadi 20 (mpini wa mwiko, spana, bisibisi), funga fundo la pili juu ya kijiti, kisha zungusha. Atapiga kelele kwa maumivu. Endelea mpaka damu ikome, si mpaka ipungue. Ukikaza nusunusu unaziba mishipa inayorudisha damu moyoni na kuacha wazi ile inayoileta, hivyo anavuja zaidi kuliko mwanzo. Kijiti kikishafika, kifunge kisirudi. Andika saa kwa kalamu kwenye paji la uso wake, ukitaja asubuhi, mchana au usiku, na usilegeze njiani hata akikuomba. Kiungo huvumilia kama saa mbili, na ndani ya muda huo Muheza, Korogwe au Tanga mjini panafikika.

Kamba ya viatu, waya na mpira mwembamba havifai. Vinakata nyama bila kubana mshipa ulio ndani.

Majivu, kahawa, mafuta ya taa, udongo: hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye jeraha. Na usimpe majeruhi mkubwa soda wala maji, hata akililia. Akitapika amezirai, matapishi yanaingia kwenye mapafu, na hospitali watalazimika kumpasua akiwa na tumbo lililojaa. Mloweshe midomo tu.

Aliyezirai lakini anapumua, mgeuze alale ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo ili ulimi usizibe koo. Watu huogopa kumgeuza kwa sababu ya mgongo, na hofu hiyo ni ya haki, lakini kati ya mgongo na pumzi, pumzi inatangulia. Mgeuzeni watu watatu kwa pamoja, mmoja akishika kichwa kiende sambamba na mwili. Helmeti ya mwendesha bodaboda usiivue kama anapumua, legeza mkanda tu na funua kioo cha mbele.

Kumbeba

Picha tunayoiona sana ni hii: mmoja ameshika kwapa, mmoja miguu, kiuno kinaning'inia, halafu majeruhi anakunjwa kwenye bajaji. Uti wa mgongo uliopasuka ukikunjwa hivyo, mfupa unakata neva, na mtu aliyeweza kusimama tena hataweza.

Tafuteni kitu kigumu na kilichonyooka: mlango wa mbao, benchi la kahawa, ubao wa genge. Kitanda cha kamba kinabonyea katikati, hakifai kwa mwenye mgongo. Watu sita: mmoja kichwani, mikono yake ikishika kichwa pande zote mbili na mabega, watatu upande mmoja, wawili upande wa pili. Aliye kichwani ndiye anayetoa amri, na mwingine asiseme: «Tayari? Moja, mbili, inua.» Mwinueni kimo cha kupitisha ubao tu, ubao uingizwe chini yake, mshusheni. Mfungeni kwa khanga kifuani, nyongani na miguuni, na khanga mbili zilizoviringishwa zikae kando ya masikio.

Chombo cha kumpeleka kiwe kirefu: pick-up, noah iliyolazwa viti, kirikuu. Bajaji ni ya aliyeumia mkono na anaweza kukaa. Gawanyeni majeruhi. Walioumia karibu na Muheza waende Hospitali Teule, wa upande wa Korogwe waende Magunga, walio karibu na mjini Bombo. Kuwapeleka wote sehemu moja ni kuwafanya wasubiri kwenye korido. Mmoja wenu apitie kituo cha polisi kufuatilia PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wakati majeruhi yuko njiani, gari lenye majeruhi lisipinde kwenda huko kwanza.

Majini

Anayezama hapungi mkono wala haiti. Kinywa kinazama na kuibuka, kichwa kimelala nyuma, mikono inapiga maji pembeni kama anayetaka kupanda ngazi. Hali hiyo haidumu hata dakika moja kwa wengi. Na ukimfuata kwa kuogelea, atakukwea. Mwogeleaji hodari anazamishwa na mtoto wa miaka kumi na minne.

Kwa hiyo anza na cha kumfikia ukiwa nchi kavu au chomboni: kasia, upondo, khanga mbili zilizofungwa. Ikishindikana, rusha. Dumu tupu la lita 20 lililokazwa kizibo linanyanyua karibu kilo 20 majini, na kichwa cha mtu mzima kukaa juu ya maji kunahitaji kilo tano hivi. Dumu tupu kabisa upepo wa kusi unalichukua kabla halijamfikia, basi acha maji ya lita moja ndani ili liwe na uzito wa kurushika. Funga kamba ya mita 10 hadi 15 kwenye mkono wa dumu, rusha lipite bega lake upande upepo unakotoka, kisha vuta limjie. Usimlenge kichwani. Kila dau na ngalawa ya abiria iwe nalo limefungwa tayari, halafu lisitumike kuwekea mafuta. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, wapo waliookoka kwa kung'ang'ania magodoro. Chochote kinachoelea, kitupe.

Ukiwafuata kwa chombo, njoo taratibu, omo (mbele ya chombo) ikitazama upepo, na mashine izimwe mita 10 kabla. Panga linalozunguka linakata mtu. Wapandishe kwa tezi (nyuma ya chombo) mmoja mmoja, mashine ikiwa imezimwa. Ukiwaruhusu kushika ubavu mmoja wote kwa pamoja, nanyi mtapinduka. Chombo kikishajaa, waliobaki washike kamba iliyozungushwa nje au mirengu ya ngalawa, wavutwe polepole. Muulize nahodha walikuwa wangapi, hesabu uliowapata, na jibu lake mpe Zimamoto. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walifika kwa mitumbwi kabla ya wengine, na watu 24 kati ya 43 waliokuwamo waliokoka.

Chombo kilichopinduka na kuelea juu chini kinaweza kuwa na watu hai ndani, wakipumua hewa iliyonaswa. Gonga kwa nje, sikiliza. Usitoboe. MV Bukoba, Mei 1996, ilipotobolewa ili kuwatoa waliokuwa wakigonga ndani, hewa iliyokuwa ikiiinua ilitoka na meli ikazama nao. Kifungeni kwa kamba kwenye vyombo viwili kisigeuke wala kwenda chini, na msubiri wapiga mbizi.

Ukimtoa mtu na hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Maji yanayotoka hapo ni ya tumboni, na yanaishia kwenye mapafu. Mlaze chali mahali pagumu, inamisha kichwa nyuma, bana pua, mpe pumzi 5, ukiona kifua kinapanda. Kisha sukuma katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 30, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, na hivyo hivyo. Badilishaneni kila dakika mbili kwa sababu mikono ikichoka kina kinapungua pasipo mtu kugundua. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali, hata akisema mzima. Mapafu yaliyoingiwa na maji ya chumvi yanaweza kujaa saa kadhaa baadaye.

Mto ukifurika

Masika, Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba, Mkulumuzi, Zigi na vijito vya Muheza hupanda ndani ya saa chache baada ya mvua ya milimani Usambara, hata kama mjini ni jua. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanamwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaelesha gari dogo, 60 zinabeba karibu gari lolote. Dereva wa Costa anayesema «napajua hapa» hajui kama kalavati bado lipo chini ya yale maji. Abiria wana haki ya kushuka, na washuke.

Usijifunge kamba kiunoni ukaingia kuvuka. Ukianguka, kamba inakukaza chini ya maji. Kamba hutandazwa ikikatiza mto kwa mshazari, kuelekea chini, ili anayevuka asukumwe na maji kwenda ng'ambo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa waorodheshe mapema nani hawezi kutembea, nani mjamzito, nani haoni. Usiku wa saa nane hakuna atakayekumbuka kwamba bibi wa nyumba ya nyuma hasikii.

Ukuta au ghorofa lililoanguka

Shukeni kwenye kifusi. Uzito wa watu 30 unaponda mianya ambamo mtu anapumua. Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, walionasa waliwasiliana na walio nje, na hilo linawezekana pale tu kelele zikizimwa. Piga filimbi, mashine zote zizimwe, watu wanyamaze dakika moja. Gonga bomba au nondo mara tano, sikiliza, weka alama. Kifusi kitolewe kwa mstari wa makarai, mkono kwa mkono, kuanzia juu na pembeni, na anayechimba abadilishwe kila dakika 15. Aliyebanwa mguu kwa muda mrefu, zaidi ya saa moja, msimnyanyulie jiwe ghafla bila mhudumu wa afya kuwepo. Sumu iliyojikusanya kwenye nyama zilizopondwa inaingia moyoni mara mguu unapoachiliwa, na mtu aliyekuwa akiongea anakata roho.

Baada ya hapo

Andika orodha: jina, nguo alizovaa, chombo kilichomchukua, hospitali. Karatasi hiyo inaondoa ndugu kuzunguka hospitali tatu usiku kucha. Simu ya majeruhi ikiita, pokea, useme yuko wapi, basi. Usitoe habari ya kifo kwa simu kama hukuulizwa na mtu wa familia, na hata hapo mwambie aje hospitali na mwenzake. Picha za maiti na waliovuliwa nguo zisitoke kwenye simu yako. Kuna mtoto atakayemjua baba yake kwa picha hiyo kabla mama hajaambiwa.

Damu huhitajika zaidi siku ya pili na ya tatu, si saa ile ile tu ambapo foleni ni ndefu. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume huchangia kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne.

Kila kijiwe cha bodaboda na kila diko (mahali wavuvi wanapoegesha vyombo) kinaweza kuweka ndoo moja yenye mfuniko: khanga mbili zilizofuliwa, boksi la glavu, mkasi, wembe ndani ya karatasi yake, vijiti viwili vya sentimita 20, kamba ya mita 15, filimbi, tochi yenye betri zilizotolewa zisivuje, kalamu na daftari, na karatasi ya namba za mwenyekiti, mtendaji, kituo cha polisi na mwenye pick-up aliyekubali kuitwa usiku. Betri na glavu zikaguliwe kila mwezi, na badala ya khanga iliyotumika anayesimamia ndoo arudishe nyingine safi siku hiyo hiyo.